Straika wa NSL, Rekodi Hayo Mabao
Wewe straika unayepiga NSL hapa Kisumu ukidhani umesahaulika, sikiza. 2018 Michael Olunga alishuka na Kashiwa Reysol hadi daraja la pili Japan. Novemba 24, 2019 wakaichapa Kyoto Sanga 13-1, yeye akafunga nane. Nane, omera! Akamaliza msimu na mabao 27. Mwaka uliofuata, ligi kuu, akaweka 28 na kuwa mchezaji bora.

Tofauti yenu (kando na kipaji, hiyo unajijua) ni kwamba yake yalinaswa na kamera. Yako yanaishia midomoni mwa watu wa Kondele. Wikendi mpe beshte simu arekodi mechi yote, si bao pekee. Skauti anataka kuona pia unavyokimbia bila mpira.