Je, Wajua? Kumbukumbu Inapovuja Ndani ya Keneli

Je, wajua kwamba programu inayovujisha kumbukumbu hutibiwa kwa kuifunga tu? Ikifungwa, mfumo endeshi hutwaa kila baiti iliyokuwa nayo. Keneli, kiini cha mfumo huo, haina wa kuisafishia. Ikichukua kumbukumbu ikasahau kuirudisha, imepotea hadi mashine izimwe na kuwashwa upya. Ndiyo maana seva inayokesha miezi mingi inaweza kuangushwa na baiti chache zinazopotea kila mteja anapojiunga.

Je, wajua kwamba mbinu ambayo Linux hutumia kugawa kurasa za kumbukumbu, kwa kukata mafungu nusu kwa nusu na kuyaunganisha tena yakirudi, ilibuniwa mwaka 1963 na Harry Markowitz? Ndiye yuleyule aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990.

Je, wajua kwamba keneli ya Linux ina mpelelezi wake? Anaitwa kmemleak, kazi ya Catalin Marinas, na aliingia kwenye toleo la 2.6.31 mwaka 2009. Huandika kila fungu lililotolewa, kisha kila dakika 10 hupekua kumbukumbu akitafuta anwani za mafungu hayo. Fungu ambalo anwani yake haionekani popote ni yatima: hakuna anayejua lilipo, basi nani atalirudisha? Ripoti hutaja ukubwa wake na njia ya msimbo iliyoliomba. Wapo wanaomponyoka, kwani namba yoyote iliyofanana na anwani kwa bahati huuficha mvujo. Yatima wenyewe hawagusi, huripoti tu. Naiheshimu sana tahadhari hiyo, maana keneli ikifuta kitu kinachotumika, zinazoharibika ni data za watu.

Kosa la kinyume, kutumia kumbukumbu iliyokwisharudishwa, lina alama yake. Ukaguzi ukiwashwa, fungu lililorudishwa hujazwa baiti zenye thamani 6b. Fundi akikuta 6b6b6b6b kwenye ripoti ya mashine iliyoanguka, anajua pa kuanzia.

Je, wajua kwamba Januari 2004 gari la NASA lililokuwa Mirihi, Spirit, lilijizima na kujiwasha zaidi ya mara 60? Mafaili yalikuwa yamerundikana kwenye hifadhi yake, mengine tangu safarini, na kuyaorodhesha tu kulimaliza kumbukumbu. Kila likiamka lilifungua hifadhi ileile, likaanguka tena, huku betri ikiisha. Wahandisi waliliamuru liamke bila kuigusa hifadhi, wakafuta mafaili. Liliendelea kuwasiliana na Dunia hadi Machi 2010.