Kairouan: Mji wa Mabirika na Hati za Ndoa

Wiki hii tumeuchagua mji usiotajwa sana majumbani mwetu kama zinavyotajwa Cairo na Fez. Nao ni Kairouan, ulioko katika nchi ya Tunisia, makao makuu ya mwanzo ya Waislamu katika Maghrib.

Mji huu uliasisiwa na jemadari Uqba bin Nafi mwaka 50 Hijria (670 Miladia). Jina lake huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya msafara, na hakika mwanzo wake ulikuwa kambi ya askari. Uqba aliuweka bara, mbali na pwani, kwa kuwa merikebu za Warumi wa Byzantium zilikuwa zikitamba baharini. Hapo adui hakufika kwa urahisi. Lakini hata maji hayakufika kwa urahisi.

Ndiyo maana mgeni wa Kairouan hupelekwa kwanza kutazama mabirika. Watawala wa ukoo wa Aghlab, waliotawala tangu mwaka 800 hadi 909, walijenga hodhi mbili za duara nje ya kuta za mji. Maji yaliingia kwanza katika hodhi ndogo, tope likatuama, kisha yakamiminika safi katika ile kubwa, ambayo upana wake ni mita 128 hivi. Ua wa Msikiti Mkuu nao umeinamishwa makusudi ili mvua ikusanyike katikati na kushuka katika visima vya chini. Sisi tuliolelewa na maji ya mvua ya mapaa na birika za misikitini twaifahamu hekima hii bila ya kuelezwa.

Msikiti wenyewe ulijengwa upya na Ziyadat Allah mwaka 836. Ndani yake mna mamia ya nguzo zilizotolewa katika magofu ya Kirumi, na mimbari ya mbao za msaji, mti wanaoujua vyema mafundi wa majahazi. Mimbari hiyo ni ya karne ya 9, na ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani.

Lakini linalotuvutia zaidi ni habari za wanawake wa mji huu. Imam Sahnun, mwenye kitabu cha Al-Mudawwana kilichoyathibitisha madhehebu ya Maliki katika Maghrib, alikuwa na binti jina lake Khadija, mwanachuoni aliyetakwa shauri na baba yake. Fatima al-Fihri, ambaye wapokezi wanasema aliasisi msikiti wa Al-Qarawiyyin kule Fez mwaka 859, asili yake ni Kairouan, na jina la msikiti wake ladhihirisha hayo.

Tena kuna hati ya ndoa ya Kairouan, iliyovuma Maghrib nzima. Bibi harusi aliandikiwa sharti kwamba mume akioa mke wa pili, amri itakuwa mkononi mwa yule wa kwanza: akitaka kukaa atakaa, akitaka kuachika ataachika. Mapokeo ya Tunisia humtaja Arwa, mke wa Abu Jaafar al-Mansur na mama wa Khalifa al-Mahdi, kuwa aliolewa kwa sharti la namna hiyo. Husimuliwa kuwa Abu Jaafar, alipokwisha kuwa khalifa, aliwatafuta makadhi wa kumfungua na hati ile, wasimfungue.

Wanazuoni wa Kishafii hawalipi sharti la kutooa mke mwingine nguvu wanayolipa Mahanbali, na Wamaliki wana maelezo yao. Kwa hiyo hatumwambii msichana aende kuiga tu. Twamwambia aulize kabla ya siku ya kufunga ndoa, maana wengi wetu hatati hiyo twatia sahihi bila kuisoma, na mambo yakiharibika ndipo tunapoitafuta sandukuni. Tunisia yenyewe ilipiga marufuku mitala kwa sheria ya mwaka 1956, na hiyo ni njia nyingine kabisa, wala si ile ya masharti ya wakubaliano wawili.

Mwaka 1057 mji uliporwa na makabila ya Banu Hilal, ukapoteza cheo chake cha makao ya utawala, ila heshima ya elimu ikabaki. Tangu 1988 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni hununua mazulia yaliyofumwa majumbani na akina mama, na makrudh, vitumbua vya semolina vilivyojazwa tende na kuchovywa katika asali.

Mwenye nafasi na asikose makumbusho ya Raqqada, kilomita chache nje ya mji. Huko huhifadhiwa kurasa za Msahafu wa Mlezi, ulioandikwa juu ya ngozi mwaka 410 Hijria (1020). Aliyeuagiza na kuuweka wakfu kwa Msikiti Mkuu ni Fatima, mlezi wa watoto katika jumba la watawala wa Kizirid. Mwandishi wake alikuwa Ali bin Ahmad al-Warraq, na aliyeisimamia kazi ni mwanamke, katibu aitwaye Durra. Kila ukurasa una mistari mitano tu, kwa hati nene nyeusi, na majina yao wote watatu yamo.