Kibaha, Kisarawe na Anga la Redio

Kutoka Kibaha mjini hadi Kisarawe, ukikata moja kwa moja bila kufuata barabara, ni kama kilomita 20. Kwa mtaalamu wa vyanzo vya redio vya angani, umbali huo unaweza kuwa upana wa darubini.

Mawimbi ya redio ya megahezi 150 yana urefu wa mita 2, takriban mara milioni 4 ya wimbi la mwanga. Ukali wa picha hutegemea upana wa chombo ukilinganishwa na urefu wa wimbi. Sahani ya mita 20 ikisikiliza masafa hayo haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa upana wa Mwezi mara kumi. Sahani ya kilomita 20 ingeweza kwa ukali mara 1000 zaidi, ila haijengeki. Lakini weka antena moja Kibaha na nyingine Kisarawe, zirekodi anga lilelile kwa saa zinazokwenda sawasawa kabisa, kisha kompyuta ioanishe mawimbi ya hapa na ya kule. Dunia inapozunguka, mstari unaoziunga antena hizo hugeuka mbele ya anga, na kila mgeuko huongeza kipande cha picha. Antena mbili huacha mapengo mengi, hivyo kazi halisi hutumia mamia.

Martin Ryle wa Cambridge alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 kwa mbinu hii. Kundi lake lilitoa mwaka 1959 orodha ya vyanzo 471 kwa megahezi 159. Cha 273 kilidhaniwa nyota, hadi mwaka 1963 Maarten Schmidt alipogundua kuwa kiko zaidi ya miaka-nuru bilioni 2 kutoka kwetu.

Jirani yetu wa karibu katika kazi hii ni Mauritius. Huko Bras d'Eau, tangu mwaka 1992, antena 1024 za waya uliosokotwa zilipangwa mashariki-magharibi kwa kilomita 2, na nyingine zikasogezwa juu ya reli kaskazini-kusini kwa mita 880. Zilipima anga la kusini kwa megahezi 151.5. Hazikuhitaji vioo wala mlima, bali ardhi, waya na uvumilivu. Masafa ya chini hufichua hasa elektroni zilizochoka, zilizorushwa na galaksi mamilioni ya miaka iliyopita, ambazo masafa ya juu hayazioni tena.

Pwani yetu ina hazina ambayo Cambridge na Australia hazina. Kibaha iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, hupanda nyuzi 24 juu ya upeo wa kaskazini. Katika uwanja wa darubini za redio wa Murchison, Australia, hufika nyuzi 4 au 5 tu. Galaksi ya Centaurus A, isiyochomoza kamwe Cambridge, hapa hufika nyuzi 54. Kitovu cha Njia ya Maziwa hupanda hadi nyuzi 68 hivi. Ramani za kaskazini na kusini zingeweza kulinganishwa kwa chombo kimoja.

Kikwazo ni kelele, na nakisema kwa uchungu. Dar es Salaam iko jirani, redio za FM hujaza megahezi 87.5 hadi 108, ndege huzungumza juu kidogo ya hapo, na chaja duni na taa za LED huchafua yaliyobaki. Baada ya jua kutua, ionosfera ya ukanda wa ikweta nayo huvurugika na kuyumbisha mawimbi. Upimaji mkubwa ungefaa zaidi bara, mbali na miji.

Hata hivyo Shule ya Sekondari Kibaha na ile ya Minaki huko Kisarawe zingeweza kuanza kesho, kwa kusikiliza sayari ya Mushtarii (Jupita). Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin, wakichunguza anga kwa megahezi 22.2 huko Maryland, Marekani, walinasa mlio kutoka Mushtarii bila kuutarajia. Leo wanafunzi wa nchi nyingi huusikiliza kwa megahezi 20.1: waya wa mita 7 hivi uliokatwa katikati, nguzo mbili, kipokezi kidogo na kompyuta. Wakati mzuri ni usiku wa manane, na jedwali la mahali ulipo Io, mwezi wa Mushtarii, huonyesha saa ambazo mlio unatarajiwa.