Mtoto Aliyesomeshwa Nyumbani Mbele ya Mlango wa Shule



Ndugu wasomaji, Uislamu wa nchi ya Magharibi una nasaba na pwani yetu. Wafanyabiashara wa Kiswahili walifika Mumias, mji ulio jirani na Bungoma, zama za Nabongo Mumia, na dini ikaenea kutoka hapo. Hadi leo tunao jamaa Bungoma na Kitale, na baadhi yao, kwa kuishi mbali na madrasa, huona ni salama zaidi kuwasomesha watoto nyumbani: Qur'ani baada ya alfajiri, hesabu na lugha mchana. Nia hiyo ni njema. Lakini hufika siku mtoto akahitaji shule, kisha chuo, na hapo mzazi hutambua kwamba elimu aliyompa mwanawe haina hati ya kuishuhudia.

Tuanze na sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwajibisha mzazi kumwandikisha mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Anayekaidi anaweza kushtakiwa. Wazazi wawili waliotaka elimu ya nyumbani itambuliwe waliipeleka hoja yao katika Mahakama Kuu ya Nairobi, na mwezi wa Novemba 2021 ombi lao likakataliwa. Basi anayewasomesha wanawe nyumbani ajue kwamba hana sheria ya kuegemea, na kadiri anavyochelewa ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba.

Tuchukue mfano wa familia ya Kitale yenye watoto watatu ambao hawajapata kuingia darasani.

Mdogo ana miaka 8. Huyu mambo yake ni mepesi. Shule ya umma haiwezi kumkataa kwa sababu ya dini yake wala kumtoza ada ya masomo, na mtihani wowote atakaopewa ni wa kujua aingie gredi gani, si wa kumfungia mlango. Kinachotakikana kwanza ni cheti cha kuzaliwa, kwani ndicho kinachomwezesha kuingizwa katika orodha ya wanafunzi ya wizara. Aliyezaliwa nyumbani na hakuandikishwa, safari yake ianzie kwa naibu wa chifu, wala isingojee wiki ya kufungua shule.

Wa kati ana miaka 14. Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Mzazi husema, "Nitamfundisha vizuri, kisha aende akafanye mtihani wa Gredi ya 9 tu." Mtihani huo, KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, hubeba asilimia 60 tu ya alama. Asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na 20 nyingine katika tathmini zinazofanywa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Anayeingia mwishoni, hata awe hodari namna gani, anakosa alama ambazo wenzake wamezikusanya kidogo kidogo. Na kwa alama hizo ndipo mtoto hupangiwa njia ya shule ya upili: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kwa hiyo mtoto wa nyumbani na aingie shuleni kabla ya Gredi ya 6, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.

Mkubwa ana miaka 19. Kwa huyu muda umebana. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na KCSE ya mfumo wa zamani inatarajiwa kufikia tamati mwaka 2027. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho papo hapo Bungoma, hudai alama ya C+ kwa shahada, kama vyuo vikuu vingine. Hata hivyo asikate tamaa. Taasisi ya kitaifa ya Kitale na vyuo vingine vya ufundi vina kozi za ngazi ya chini zisizodai alama kubwa. Aliyejifunza kushona au useremala kwa mzee wake anaweza kupimwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, akapata cheti cha ufundi na kupanda daraja kwa daraja. Ujuzi wa nyumbani haupotei, ila unahitaji shahidi.

Najua hofu iliyo nyuma ya haya yote. Shule nyingi za Bungoma na Trans Nzoia zilianzishwa na makanisa. Kamusinga, kwa mfano, ni ya Marafiki. Mzazi huuliza: binti yangu atavaa hijabu? Kijana ataswali adhuhuri wapi? Maswali hayo ni ya haki. Kesi ya hijabu ya shule moja ya Isiolo ilifika hadi Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2019 haikutoa jibu la kudumu. Basi usitegemee kusikia habari barazani. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya kuandikisha, zungumza naye kwa adabu, uulize kuhusu mavazi, swala, chakula, na kama somo la dini ya Kiislamu linafundishwa. Kama hakuna mwalimu wake, wazazi Waislamu wa mtaa washikane mikono wamtafute.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya zama zao bila ya kuiacha dini. Wito huo haujachakaa. Mtoto anapoingia shule ya serikali, darasa la nyumbani lisifungwe. Alfajiri ibaki ya Qur'ani, na jioni ya kumuuliza mtoto alichosikia na alichokiona. Watoto ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa. Atakayewalea kwa adabu nyumbani na akawatayarishia hati zao mapema, huyo amewachunga pande zote mbili.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu, wa pwani na wa bara, elimu yenye manufaa. Amin.