Njumu kubwa kuliko mguu: Yanayofaa kuzingatiwa mtoto anaponunuliwa vifaa vya kandanda

MTOTO wa miaka sita akianza kulilia vifaa vya kandanda, aghalabu kitu cha kwanza anachokitaja ni jezi, tena ile yenye jina la nyota wake mgongoni. Mzazi humnunulia kwa bei ghali, kisha hujaribu kuokoa fedha kwa kumtafutia njumu zinazompita mguu kwa saizi mbili ili “azikulie”. Mpangilio huo umekwenda kinyume. Jezi ni kifaa ambacho mtoto anaweza kukikosa asidhurike, ilhali kiatu kisichomwenea huweza kumtia maumivu ya majuma mengi na hata kumfanya auchukie mchezo wenyewe.

Miguu ya mtoto wa umri huo ingali inakua, na sehemu ya mifupa yake bado ni gegedu. Kiatu kinapokuwa kikubwa, mguu huteleza ndani yake kila mtoto anapokata kona au kusimama ghafla. Vidole hugonga mbele, malengelenge huchomoza kisiginoni, naye hujikwaa kwa ncha ya kiatu ambacho hakimtii. Kiatu kinachobana nacho hukunja vidole na kuumiza kucha.

Kisigino kinahitaji uangalifu wa pekee. Kwa miaka kadhaa ya utotoni, nyuma ya mfupa wa kisigino huwa na kipande kinachokua ambacho bado hakijaungana na mfupa mkuu, na hapo ndipo kano nene ya nyuma ya mguu inapojishikiza. Watoto wa kati ya miaka 8 na 15 hivi wanaokimbia sana kwenye viwanja vigumu huweza kupatwa na maumivu mahali hapo. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Sever, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka wa 1912. Huisha mfupa unapokomaa, lakini njumu zenye soli nyembamba isiyo na mto huichochea. Mtoto anayechechemea baada ya kila mechi hapaswi kuambiwa ajikaze kiume.

Wakati mzuri wa kupima kiatu ni alasiri, miguu inapokuwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana. Mtoto avae soksi zile zile atakazochezea, asimame wima kwa miguu yote miwili, na nafasi iliyosalia mbele ya kidole kirefu zaidi iwe sentimita moja hivi. Kwa kuwa ni nadra miguu miwili kulingana sawasawa, ule mkubwa ndio wa kufuatwa. Baada ya kila miezi mitatu au minne kipimo kirudiwe.

Swali la pili ni uwanja, nalo wauzaji wengi hawaliulizi. Njumu zenye meno marefu ya chuma ya kukazwa kwa skrubu zilibuniwa kwa nyasi laini zilizolowa maji. Viwanja vingi ambavyo watoto wa Kenya huchezea ni vya udongo mwekundu au changarawe, na wakati wa kiangazi huwa vigumu kama sakafu. Jino la chuma halizami katika ardhi kama hiyo. Uzito wote wa mtoto hubaki juu ya ncha chache, na kifundo cha mguu huyumba. Kiatu kinachofaa hapo ni kile chenye vinundu vingi, vifupi, vya mpira, au hata raba ya kawaida yenye soli isiyoteleza. Viatu vya namna hiyo hufaa pia kwenye nyasi bandia za viwanja vya kukodi vilivyochipuka Nairobi.

Yapo pia ya wenzake. Mtoto mmoja aliyevaa njumu za meno makali akiingia kati ya wenzake kumi walio pekupeku, hatari ni yao. Katika kiwanja cha mtaani, raba ni ustaarabu pia.

Si lazima kiatu kiwe kipya. Gikomba na Toi jijini Nairobi, au Kongowea mjini Mombasa, mzazi mwenye subira hupata njumu za mtumba zilizotumiwa kidogo tu, kwa sababu watoto wa ng’ambo nao huvipita viatu vyao upesi. Akikunje kiatu: kinapaswa kupinda penye mzizi wa vidole, si katikati ya wayo. Atazame kama meno yamelika upande mmoja, na akioshe na kukianika vizuri kabla ya mtoto kukivaa.

Mpira nao una saizi. Namba 5 ndio wa watu wazima. Sheria za mchezo zinataka uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Mtoto wa chini ya miaka minane hufaa namba 3, wenye gramu 300 na ushei, kisha namba 4 hadi atimize miaka 12 hivi. Mpira mzito humfunza mtoto kupiga kwa ncha ya kiatu na kuogopa kuupokea kwa kifua. Kuhusu kuupiga kwa kichwa, Marekani ilikataza jambo hilo kwa watoto wa miaka 10 kurudi chini kuanzia 2016, na mwaka wa 2020 Uingereza ikashauri watoto wa shule za msingi wasifunzwe mazoezini. Hakuna sababu ya mtoto wa Kenya kuharakishwa. Mpira wa matambara na kamba, ambao umelea vizazi vya wachezaji, haudundi sana lakini hufunza mguso.

Vikinga vya miundi ya miguu, vile vibao vyepesi vya plastiki vinavyovaliwa ndani ya soksi, ni lazima katika mechi rasmi na ni bei nafuu kuliko jezi. Vianzie juu kidogo ya kifundo na kukomea chini ya goti bila kuzuia mguu kukunjwa. Kipande cha katoni, ambacho wengi hukichomeka badala yake, hulowa jasho na kulegea kabla ya mapumziko.

Glavu za mlinda-lango zaweza kungoja, kwani katika umri huo ni vyema kila mtoto aonje kila nafasi. Kinachohitajika kila siku ni chupa ya maji. Hereni, bangili na mikufu vivuliwe. Sheria hairuhusu hata kuvifunika kwa plasta. Kwa wasichana wanaojisitiri, vifuniko vya kichwa vimeruhusiwa rasmi tangu 2014: kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, kikae karibu na kichwa, kisishonewe kwenye jezi, na kisiwe na pini.