KITAMBAA KIMOJA CHATOSHA KUFUNGIA ZAWADI

Ukipeleka zawadi arusini au kwa mama aliyejifungua, unaifungia katika kitu gani? Wengi wetu siku hizi hununua karatasi ya kumetameta dukani. Hununua na utepe, na selotepu ya kubandikia. Wengine huongeza na mfuko wa kubebea. Mwenye zawadi huichana karatasi ile kwa dakika moja, ikatupwa. Fedha iliyokwenda huko ingetosha kuongeza sabuni au sukari katika zawadi yenyewe.

Utauliza Bwana Shamba anatafuta nini katika mambo ya zawadi. Jibu liko tumboni mwa mbuzi. Karatasi nyingi za kumetameta zina plastiki, na tepe zake ni plastiki tupu. Hazikubali kuoza. Mbuzi na ng'ombe huziokota jalalani wakazila. Plastiki haisagiki tumboni. Hujikusanya kidogo kidogo mpaka mnyama anakosa nafasi ya kuweka majani, anakonda huku malisho yapo. Hapa Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoiita rambo, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini takataka za zawadi bado tunazitupa nyuma ya nyumba baada ya kila arusi.

Wako watu waliolitatua jambo hili zamani sana, nao ni Wajapani. Wao hufungia zawadi katika kitambaa cha mraba, yaani kitambaa ambacho pande zake nne zinalingana au zinakaribia kulingana. Hawakishoni mfuko, wala hawatumii gundi au pini. Hukikunja, wakafunga pembe zake, basi. Kitambaa hicho huitwa furoshiki.

Neno hilo linafanana na neno letu furushi, lakini ni kufanana kwa sauti tu. Kwa Kijapani "furo" ni mahali pa kuogea, na "shiki" inatokana na neno la kutandika. Desturi yenyewe ya kufunga vitu kwa kitambaa ni ya kale kuliko jina hilo. Katika mji wa Nara kuna ghala la Shosoin lililojengwa karne ya 8. Humo zimehifadhiwa mali za wafalme, pamoja na vitambaa vilivyotumika kuzifungia. Jina la furoshiki lilienea baadaye, katika kipindi cha Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868. Watu wa mijini walikuwa wakienda kuoga katika nyumba za kuogea za watu wote. Kila mtu alikuja na kitambaa chake. Alikitandika chini akavulia nguo juu yake, kisha akafungia nguo zake humo zisichanganyike na za wengine.

Wachuuzi waliona faida yake mara moja. Walifunga bidhaa zao katika vitambaa vikubwa, wakabeba mgongoni, na wengine walichapisha jina la duka juu ya kitambaa. Bibi arusi naye vitu vyake vilifungwa katika vitambaa vyenye alama ya ukoo wake. Kisha, katika karne ya 20, mifuko ya karatasi na plastiki ilijaa madukani, na furoshiki ikaachwa na watu wengi. Mwaka 2006 Waziri wa Mazingira wa Japani, Bibi Yuriko Koike, aliwahimiza wananchi wairudie ili kupunguza takataka. Tangu Julai 2020 maduka ya huko hayaruhusiwi kutoa mifuko ya plastiki bure, na mtu mwenye kitambaa chake anaokoa fedha.

KUCHAGUA KITAMBAA

Kitambaa cha pamba ndicho kizuri. Kitenge kinafaa, na amerikani inafaa. Nailoni inateleza, na fundo lake hufunguka njiani. Ukipata kipande cha kitenge, kunja pembe yake moja mpaka iguse ukingo wa pili, upate umbo la pembetatu. Kinachobaki pembeni kikate. Ukikunjua, una mraba. Pinda kingo zake kwa cherehani au kwa mkono. Pembe ndizo zinazovutwa kila siku, kwa hiyo zishonee mara mbili. Wajapani nao huziimarisha kwa uzi.

Ukubwa je? Kipimo chao ni rahisi. Pima kitambaa kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kitu unachofunga kiwe kama theluthi moja ya urefu huo. Kwa sahani na vikombe, sentimita 70 kila upande hutosha. Kwa blanketi au tikiti kubwa, tafuta zaidi ya mita moja. Jogoo hai usimfunge. Huyo mbebe kwapani kama kawaida.

FUNDO

Hapa ndipo penye kazi, nami nakuomba usome polepole. Kitambaa kizuri chenye fundo baya kitakuangushia sahani za watu mlangoni. Mfugaji anajua kwamba liko fundo linalokaza kamba ikivutwa, na liko fundo linaloteleza ng'ombe akaenda zake.

Shika pembe ya kulia. Ipitishe juu ya pembe ya kushoto, izungushe chini yake, kaza. Sasa pembe uliyoanza nayo iko upande wa kushoto. Chukua hiyo hiyo tena, ipitishe juu ya mwenzake, izungushe, kaza. Pembe ile ile iwe juu mara zote mbili. Ukimaliza, tazama ncha. Kama zimelala kulia na kushoto, fundo ni zuri. Kama moja inatazama juu na nyingine chini, umekosea. Lifungue uanze tena.

Fundo hili likivutwa na mzigo hukaza zaidi, lakini kulifungua hakuhitaji meno. Kwa mkono mmoja shika ncha moja. Kwa mkono wa pili shika kitambaa cha upande ule ule ncha ilikotoka. Vuta mpaka vinyooke. Ncha ya pili itabaki imezunguka kama pete, nawe utaisukuma itoke.

Kufunga kitu cha kawaida, kama boksi la vikombe, tandika kitambaa pembe moja ikuelekee. Weka boksi katikati. Funika kwa pembe iliyo karibu nawe, kisha kwa ile ya mbali. Inua pembe mbili zilizobaki, zifunge juu kwa fundo letu. Hapo hapo umepata na mshikio.

Tikiti au boga hufungwa hivi. Funga pembe mbili zilizo jirani, upate kitanzi. Funga nyingine mbili, upate kitanzi cha pili. Pitisha kitanzi kimoja ndani ya kingine, uvute. Jizoeze kwanza kwa boga, usianze na mayai.

Chupa mbili za asali zina ufundi wake. Tandika kitambaa vile vile, pembe moja ikuelekee. Zilaze chupa upande wako, matako yake yakitazamana, na kati yake pawe na nafasi ya ngumi moja. Zifunike kwa pembe iliyo karibu nawe, halafu uzibirishe pamoja na kitambaa mpaka pembe ya mbali iishe. Inua ncha mbili ili chupa zisimame bega kwa bega, kisha funga juu. Kitambaa kilichopita katikati yake huzizuia zisigongane.

KHANGA JE?

Katikati ya karne ya 20 khanga nyingi zilizovaliwa Afrika Mashariki zilichapwa katika viwanda vya Japani, kwa hiyo nguo hizi hazikutani leo. Khanga ni ndefu kuliko upana wake, lakini kwa mzigo mkubwa inafungika bila kuikata. Ila soma jina lake kwanza. Khanga yenye maneno ya kumsuta mtu, ukiifungia zawadi ya wifi yako, sahani hazitaonekana tena.

Liko jambo la kupatana mapema: kitambaa ni cha nani? Wajapani kwa desturi hufungua wenyewe mbele ya mwenyeji, hutoa zawadi kwa mikono miwili, hukunja kitambaa chao wakarudi nacho. Zamani mwenyeji aliyerudisha kitambaa au chombo aliweka kitu kidogo ndani, kama kiberiti, kisirudi kitupu. Hata kwetu kapu la jirani halirudi tupu. Kama nawe unataka kurudi nacho, fungua mwenyewe. Ukimwachia bibi arusi akaenda nacho ndani, hesabu kwamba na kitambaa umekitoa.

Kitambaa kipya kifue kabla ya kukitumia. Dawa ya dukani hukifanya kigumu, na rangi yake huweza kuchuja juu ya mkate au maandazi. Kifue mpaka maji yatoke meupe, kianike juani, kipige pasi. Cha kufungia chakula kiwe cha peke yake. Nyama mbichi usiifungie humo.