Ujasiri haununuliwi, hufanyiwa mazoezi

KUNA watu ukiwaona wakimwambia bosi ukweli bila kutetemeka, unajiambia walizaliwa hivyo na wewe bahati hiyo ilikupita. Aristotle angekukatalia.

Mwanafalsafa huyo wa Ugiriki alizaliwa Stagira mwaka wa 384 KK (kabla ya Kristo). Alisoma Athens kwa Plato, na mwaka wa 335 KK akafungua shule yake mwenyewe jijini humo, Lyceum. Mawazo yake kuhusu tabia yamo katika kitabu Nicomachean Ethics.

Hoja yake ni hii: ukirusha jiwe juu hata mara elfu kumi, halitazoea kupaa. Kuanguka ndiyo asili yake. Binadamu naye si jiwe. Huzaliwa na uwezo wa kuwa mwema, lakini uwezo huo hukomaa kwa mazoea. Mjenzi hujifunza kujenga kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Basi na jasiri huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri, hata kabla hajajihisi jasiri.

Lakini kuna upande wa pili ambao wengi huusahau. Kinubi hichohicho hutoa wapigaji hodari na wapigaji wabovu. Kila ukikwepa simu ya mtu unayefaa kumwomba radhi, hujakaa bure. Unafanya mazoezi ya uoga, na kila siku unazidi kuuzoea.

Usidhani pia kwamba ujasiri ni ubabe. Kwa Aristotle, umekaa katikati ya uoga na kujitosa ovyo. Mtu asiyeogopa chochote, hata tetemeko la ardhi, alimwona kama asiye na akili timamu. Jasiri huogopa, ila husimama imara kwa sababu anachotetea ni chema. Mfano wake mkuu ulikuwa askari asiyekimbia vitani.

Wengi wetu hatutawahi kushika mkuki, ila nafasi za kujifunza hazikosi. Konda amekunyima chenji? Idai kwa upole. Mwenzako anasengenywa kwenye kikundi cha WhatsApp? Sema hapana. Na kama wewe ni mwepesi wa kupandwa na mori, zoezi lako ni kunyamaza kwanza. Aristotle alishauri kila mtu aangalie ameegemea wapi, kisha ajivute upande wa pili, kama fundi anayenyoosha mti uliopinda.

Wanaopenda kuzungumzia wema bila kuutenda aliwafananisha na wagonjwa wanaomsikiliza daktari kwa makini, kisha hawafuati hata agizo moja. Leo angewakuta na simu zilizojaa video za motisha.

Alisisitiza pia kwamba mazoea ya ujanani ndiyo yenye uzito mkubwa. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa hivyo anza na dogo, leo. Sauti ikitetemeka, wacha itetemeke, sema tu.